Laita ya akiba: jinsi ya kuchagua laita inayoshika gesi hata ikikaa mwaka mzima

Nyumba nyingi za Nairobi zina laita mbili. Ya kwanza hukaa kando ya meko, hushikwa asubuhi na jioni, na ikiisha mtu hutumwa dukani kuleta nyingine. Ya pili imewekwa mahali: kwenye droo pamoja na mishumaa, kwenye mfuko wa begi la safari, au ndani ya gari. Hiyo ya pili ndiyo hutafutwa stima ikipotea, na mara nyingi ndiyo hutoa cheche bila moto. Hakuna aliyeitumia. Gesi imetoka yenyewe, kidogo kidogo, ikiwa imelala hapo.

Mwongozo huu ni wa hiyo ya pili. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilikatika karibu nchi nzima, na watu wengi walikaa gizani kwa saa nyingi. Usiku kama huo simu huisha chaji, duka la mtaa huwa limefungwa, na unabaki na kile tu ulichoweka mapema. Hali ni hiyo hiyo kwa nyumba ya ushago inayofunguliwa Desemba na Pasaka, na kwa anayepanda Longonot au Mlima Kenya mara moja kwa mwaka. Laita hizi zinadaiwa kazi ngumu kuliko kuwaka: kukaa miezi mingi bila kupoteza kilichomo.

Kwa hiyo nasisitiza jambo moja, na mengine yote yanatoka hapo. Unapochagua laita ya akiba, acha kuangalia ukubwa wa moto. Angalia jinsi ilivyozibwa.

Gesi hupitia wapi

Laita nyingi za madukani hubeba butani, au isobutani ambayo ni ndugu yake, au mchanganyiko wa hizo mbili. Butani huchemka karibu na nyuzi 0 za Selsiasi, na isobutani karibu na nyuzi 12 chini ya sifuri. Hata asubuhi ya Julai yenye baridi kali, gesi hiyo ingegeuka mvuke mtupu chumbani mwako kama isingefungiwa. Inabaki kimiminika kwa sababu imebanwa ndani ya tangi. Kwenye joto la nyuzi 20, mgandamizo ndani ya laita ya butani ni kama mara mbili ya ule wa hewa ya kawaida kwenye usawa wa bahari, na kwa isobutani ni kama mara tatu. Inasukuma kutoka mchana na usiku, kila siku ambayo laita iko kwenye droo.

Njia za kutokea ni tatu. Ya kwanza ni vali, ile sehemu ndogo iliyo chini ya tundu la moto. Ndani yake kuna kipande cha mpira kinachokandamizwa na springi ili kuziba tundu. Chembe moja ya vumbi ikikaa juu ya mpira huo, au mpira ukikauka na kuwa mgumu, gesi hupita. Ya pili ni kibonyezo chenyewe: laita ikibanwa na koleo, betri au rundo la funguo ndani ya droo, kibonyezo hushuka kiasi na vali hufunguka bila mtu kujua. Kati ya laita za akiba zinazokutwa tupu, naamini nyingi zimeuawa na hilo kuliko jambo lingine lolote, na kulizuia hakugharimu chochote.

Ya tatu ni mwili wa laita. Plastiki hupitisha gesi polepole, na zinatofautiana. BIC, kwa mfano, hutengeneza tangi kwa plastiki ngumu iitwayo asetali, ambayo hupitisha butani kidogo sana, na kuta zake ni nene. Laita nyingi zinazoonyesha gesi ndani hutumia plastiki nyingine iliyo nyepesi zaidi, na kitako chake huunganishwa baadaye. Ufa mdogo kwenye ule mshono wa kitako unatosha.

Laita za utambi kama Zippo ziko mbali na hayo yote. Hazina mgandamizo wowote. Mafuta yake ni nafta, petroli nyepesi iliyosafishwa, iliyonyonywa na pamba ndani ya kasha. Lakini kifuniko hakizibi, kwa hiyo mafuta huvukiza hata usipoiwasha.

Hatua ya 1: Jiulize itakaa wapi na kwa muda gani

Usinunue kabla ya kujibu hili. Laita ya droo ya jikoni utakayoikagua kila baada ya miezi michache haidai mengi: laita yoyote nzima ya jiwe, yaani ile ambayo gurudumu husugua kijiwe kidogo na kutoa cheche, ikiwa imezibwa vizuri, itatosha. Ya kukaa mwaka mzima kwenye nyumba iliyofungwa inadai plastiki nene na vali isiyo na mchezo. Na kama unapanga miaka kadhaa, usitegemee gesi iliyo ndani ya laita peke yake. Weka chombo cha kuwashia mahali pake na mafuta mahali pake, kila kimoja kimefungwa kivyake, uviunganishe siku ya haja.

Mahali nako kuna uzito. Gari lililoegeshwa juani na madirisha yamefungwa linaweza kupita nyuzi 60 karibu na dashibodi. Butani ikifika nyuzi 50 tu, mgandamizo wake huwa zaidi ya mara mbili ya ule wa nyuzi 20. Laita nzuri imetengenezwa kustahimili hilo kwa muda. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9994 huitaka ivumilie nyuzi 65 kwa saa 4. Hizo ni saa 4 za kipimo. Gari hupigwa na jua kila siku ya Januari na Februari, kwa hiyo lisiwe ghala la laita.

Hatua ya 2: Chagua aina

Laita ya jiwe isiyojazwa tena. Hii ndiyo ninayoiweka mbele kwa akiba ya hadi mwaka mmoja na zaidi, ikiwa imetoka kwa mtengenezaji mwenye sifa. Watu huidharau kwa sababu ni ya bei ndogo na hutupwa ikiisha. Lakini haina tundu la kujazia chini, na kila tundu lisilokuwepo ni mlango mmoja pungufu wa gesi kutokea. Nyingi hazina hata kirekebishi cha moto: urefu wa moto umepimwa kiwandani na kufungwa. BIC imekuwa ikiuza laita za namna hii tangu 1973, na umbo lake limebadilika kidogo tu. Ubaya wa BIC ni kwamba huwezi kuona gesi ndani. Ukichagua rangi nyepesi, njano au nyeupe, weka tochi ya simu nyuma yake gizani, mara nyingine utaona kivuli cha kimiminika. Kipimo cha kweli ni mizani, tutafika huko.

Laita ya jiwe inayojazwa, kama Clipper ya Hispania. Hii nayo naipenda, kwa sababu tofauti. Kijiti cha jiwe hutoka kwa kuvutwa, unabadilisha jiwe, unajaza gesi kwa chini, na laita inaendelea. Vali ya kujazia ni mlango wa pili wa kuvuja, kwa hiyo nisingeijaza na kuisahau miaka miwili. Lakini ukiweka na kopo lake la gesi ambalo halijafunguliwa, una akiba ndefu kuliko laita yoyote moja. Vali ya kopo hukaa imetulia, haiguswi na kidole, na kopo lenyewe ni la chuma, ambacho hakipitishi gesi.

Laita ya jeti, ile ya moto wa buluu unaovuma. Inapendeza mkononi na huwaka kwenye upepo. Kwa kuhifadhi, hapana. Ina kirekebishi cha moto, vali ya kujazia na njia nyembamba ya gesi inayozibwa na uchafu mdogo, na cheche yake ya umeme hudai gesi na hewa zichanganyike kwa kipimo. Kadiri unavyopanda juu, hewa hupungua na kipimo hicho huharibika. Nairobi yenyewe iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na laita ya jeti iliyowekwa sawa Mombasa inaweza kugoma hapa mpaka upunguze gesi. Kwenye Point Lenana, kilele kimojawapo cha Mlima Kenya chenye mita 4,985, usiipe maisha yako. Kama tayari unayo na unaipenda, iweke ikiwa tupu, na kopo kando.

Laita ya utambi. Zippo, ambayo imetengenezwa Bradford, Pennsylvania, tangu miaka ya 1930, ni chuma kinachodumu kuliko mwenye nacho. Lakini ukiijaza leo na kuiweka, baada ya wiki moja hadi mbili au tatu utaikuta kavu. Mafundi huzungushia kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye mshono wa kifuniko ili kupunguza uvukizaji. Inasaidia kidogo, haitibu. Hata hivyo ina nafasi yake katika akiba ya miaka mingi: iweke kavu kabisa, jiwe jipya ndani, na mkebe wa mafuta ambao haujatobolewa pembeni. Mafuta hayo hayaharibiki, na laita ikimwagiwa huwaka papo hapo. Ziko pia laita ndogo za utambi za kubeba kwenye funguo, ambazo kifuniko hufungwa kwa kuzungushwa juu ya oringi, yaani pete ndogo ya mpira. Oringi ikiwa nzima, mafuta hukaa miezi mingi. Ipake mafuta ya silikoni kidogo na uikague: ikipasuka, laita inarudi kuwa kama Zippo.

Laita ya kuchaji, inayotoa mwale wa umeme, haina gesi ya kuvuja, na upepo hauizimi. Shida ni betri. Hupoteza chaji yenyewe, na ikikaa miezi ikiwa tupu kabisa huharibika. Weka ikiwa na chaji kama nusu, uichaji tena kila miezi michache. Kwa mtu mwenye mazoea hayo ni msaidizi mzuri, lakini isiwe ya pekee katika usiku ambao tatizo lenyewe ni stima.

Kama unataka jibu fupi kwa nyumba ya kawaida: laita 2 za jiwe zisizojazwa, kutoka maduka mawili tofauti, pamoja na kisanduku cha kiberiti cha njiti ndani ya chupa yenye mfuniko. Maduka mawili, ili kasoro ya shehena moja isikuangushe mara mbili.

Hatua ya 3: Kagua dukani kabla ya kulipa

Ukinunua kwa mchuuzi wa barabarani, angalia kwanza sahani yake imekaa wapi. Laita iliyopigwa na jua la mchana wiki nzima imeshapata mateso yake kabla ya kufika kwako. Supamaketi au duka la ndani ni afadhali. Ukitaka sanduku zima kwa bei ya jumla, Kamukunji na Nyamakima utapata, lakini fungua sanduku ukague kadhaa.

Anza na kitako na mishono. Iwe imenyooka, bila gundi iliyomwagika wala mstari mweupe wa ufa. Jina la mtengenezaji liwe limechapwa wazi, na kwenye pakiti tafuta alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na maandishi ya ISO 9994. Bidhaa bandia zipo, na dalili ya kwanza huwa ni uzembe: herufi zilizopinda, chuma chepesi kinachoyumba juu ya gurudumu, rangi inayotoka kwa ukucha.

Kisha shika kibonyezo bila kuzungusha gurudumu. Kiwe na springi yenye nguvu, kirudi juu chenyewe mara moja. Kikilegea au kikikwama katikati, irudishe. Sogeza karibu na sikio, mbali na moto wowote, ubonyeze kidogo. Utasikia mlio mwembamba wa gesi. Achilia. Mlio ukatike papo hapo. Ukiendelea hata kwa mbali, vali haizibi, na laita hiyo haitamaliza mwezi.

Iwashe. Moto utulie, usirukeruke wala kutema matone. Ukiachilia, uzimike hapo hapo. Kiwango cha ISO kinaruhusu sekunde 2, lakini kwa laita ya akiba mimi sikubali ile inayoning'inia na kamoto kadogo baada ya kidole kuondoka, kwa sababu kamoto hako kanalishwa na vali inayochelewa kuziba.

Kwa laita inayoonyesha gesi, usiogope ukiona haijajaa hadi juu. Kiwango kinakataza kimiminika kuzidi asilimia 85 ya ujazo wa tangi. Nafasi iliyobaki ni ya gesi kupanuka joto likipanda, kwa hiyo hujapunjwa. Linganisha laita kadhaa za aina moja zilizo kwenye sahani: ile iliyo chini kuliko wenzake imeanza kuvuja hapo dukani.

Hatua ya 4: Ipime kwa mizani

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo pekee inayokupa uhakika. Pua haitoshi. Gesi ya laita mara nyingi husafishwa hadi ikawa na harufu hafifu, tofauti na ile ya mtungi wa kupikia ambayo hutiwa harufu kali makusudi. Laita inaweza kuvuja miezi mitatu kwenye kabati na usinuse kitu.

Tafuta mizani ndogo ya kidijitali ya kupimia dhahabu, inayosoma hadi gramu 0.01. Maduka ya vifaa katikati ya jiji huziuza, na ukikosa, mwombe sonara wa mtaani akupimie. Iweke juu ya meza isiyotikisika, mbali na dirisha lenye upepo. Kabla ya laita, pima sarafu moja, tuseme ya shilingi 20, uandike uzito wake. Sarafu hiyo hiyo utaipima kila mara: ikibadilika, mizani ndiyo imehama, wala si laita.

Futa laita kwa kitambaa kikavu, toa vibandiko vya bei, pima, uandike uzito na tarehe kwenye karatasi utakayoihifadhi nayo. Namba ya laita iandike kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye kitako. Usiiwashe tena. Baada ya siku 30, pima.

Tuseme ilikuwa gramu 21.46 na sasa ni 21.38. Imepoteza gramu 0.08 kwa mwezi. Laita kubwa ya kawaida hubeba gramu 4 hivi za gesi. Gawanya 4 kwa 0.08, unapata miezi 50. Hiyo ni laita ya akiba. Jirani yake iliyoshuka kwa gramu 0.6 itakuwa tupu kabla ya miezi 7, hata kama leo inawaka vizuri kuliko zote. Ipeleke kando ya meko ikamalize gesi yake kazini, akiba uweke ile ya kwanza. Kununua laita 3 au 4, kuzipima mwezi mmoja na kuchagua 2 zilizopoteza kidogo kabisa, kunakupa uhakika ambao bei kubwa pekee haiwezi kukupa.

Ukitaka kujua inapovujia, itumbukize ndani ya glasi ya maji. Mwanzoni hewa iliyonaswa kwenye gurudumu itatoka kwa mapovu machache, hiyo isikushtue. Subiri. Povu linalotoka mahali pamoja, moja baada ya jingine kama saa inavyopiga, ndilo la gesi. Ikiwa ni kwenye tundu la moto, mara nyingine ni uchafu tu: kausha laita, bonyeza kibonyezo mara mbili tatu kwa kasi nje ya nyumba ili gesi ipulize chembe, ujaribu tena. Ikiwa ni kwenye mshono wa kitako, hakuna dawa. Kipimo hiki kifanyie laita unayoishuku tu, kwa sababu maji si rafiki wa jiwe. Ikaushe siku nzima kivulini kabla ya kuizungusha.

Hatua ya 5: Ilinde kibonyezo, kisha uiweke

Chukua ule mkanda mwembamba wa plastiki wa kufungia nyaya, uuzungushe shingoni mwa laita chini ya kibonyezo, uukaze, ukate mkia. Sasa kibonyezo hakiwezi kushuka hata laita ikikanyagwa na mzigo. Ukikosa mkanda, kunja kipande cha kadibodi ukipachike chini ya kibonyezo na kukifunga kwa raba. Siku ya haja unakata au unavuta. Usitumie gundi wala selotepu inayopita juu ya tundu la moto: gundi ikiyeyuka kwa joto huingia kwenye vali.

Isimamishe, tundu la moto juu. Ikisimama, kimiminika kingi hukaa chini, mbali na vali. Ikilala chali au kichwa chini, kimiminika huifikia vali, na tone moja la kimiminika lina gesi nyingi sana kuliko mvuke wa ukubwa huo huo. Uvujaji mdogo kwa laita iliyosimama utaupata kwenye mizani, ila kwa iliyopinduka utaipata imekwisha.

Chombo kiwe kigumu na chenye mfuniko: kopo la plastiki la majani ya chai au la siagi ya karanga, lililooshwa na kukauka. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na hata bila marufuku hiyo mfuko laini hauzuii kibonyezo kubanwa. Ndani ya kopo weka laita, karatasi ya uzito, kiberiti cha njiti na kipande cha chaki au mchele mkavu ndani ya kitambaa wa kunyonya unyevu.

Hapa pana hatari ninayotaka uikumbuke. Butani ni nzito kama mara mbili ya hewa. Ikivuja ndani ya kopo lililofungwa hukaa humo humo, na ukifungua hutiririka chini badala ya kupaa. Fungua kopo mbali na mshumaa na meko, lipepee, subiri dakika moja, ndipo uwashe. Katika bedsita ambapo kitanda, kabati na meko viko hatua tatu kutoka kimoja hadi kingine, usiliweke kopo chini ya meko wala kando ya mtungi.

Nyumba ikiwa ya mabati, joto hukusanyika juu, kwa hiyo rafu ya juu kabisa si pazuri. Lakini chini ndiko watoto walipo. Suluhisho ni sanduku lenye kufuli, katika kona isiyopigwa na jua. Kile kichuma kinachozunguka gurudumu la laita huwekwa ili mtoto mdogo apate shida kuwasha, na Marekani imedai laita zizuie watoto tangu 1994, lakini hakuna laita ambayo mtoto hawezi kuiwasha akipewa muda wa kutosha. Usikitoe kichuma hicho.

Hatua ya 6: Kama ni ya kujazwa, ijaze sawasawa

Laita zinazojazwa huvuja zaidi zikijazwa vibaya. Fanya kazi hii nje au dirishani, bila moto karibu. Rudisha kirekebishi cha moto hadi chini kabisa. Geuza laita kichwa chini, bonyeza vali ya kujazia kwa ncha ya bisibisi ndogo mpaka iache kulia: unatoa hewa iliyobaki, ambayo ingechukua nafasi ya gesi na kufanya moto ukatikekatike. Iweke laita kwenye friji dakika 10 hivi, ili mgandamizo wa ndani ushuke.

Sasa laita iwe kichwa chini na kopo la gesi kichwa chini juu yake, vikiwa vimenyooka kabisa. Sukuma kwa nguvu sekunde 3 hadi 5 bila kuchezesha. Ukipinda, gesi itamwagika pembeni na mpira wa vali utaumia. Rudia mara moja au mbili. Ikianza kurusha nje, imejaa. Iache dakika 5 hivi ipate joto la chumba na gesi iliyomwagika itawanyike, ndipo ujaribu. Nunua gesi iliyosafishwa vizuri. Gesi ya ovyo huacha mafuta kwenye njia nyembamba, na ndiyo huziba laita za jeti.

Jiwe nalo huzeeka

Jiwe la laita ni mchanganyiko wa chuma na metali iitwayo seriamu uliobuniwa na Carl Auer von Welsbach, mwanakemia wa Austria, mwaka 1903. Kwenye unyevu hushika kutu, huvimba na kusagika kuwa unga wa kijivu ndani ya bomba lake, na hapo gurudumu hukwama au huzunguka bila cheche. Nairobi ni kavu kiasi, lakini nyumba iliyoingia maji, au ya Pwani yenye hewa ya chumvi, haina usalama huo. Mawe ya ziada yaweke ndani ya kichupa kikavu cha dawa chenye mfuniko.

Na usiitupe haraka laita iliyoisha gesi ikiwa jiwe lake ni zima. Cheche yake peke yake huwasha meko ya gesi: zungusha gurudumu karibu na kichomeo, ufungue gesi wakati huo huo, na moto unashika. Kwa mtu aliyekwama usiku na mtungi uliojaa, laita tupu humpatia chakula cha moto.

Kwenye baridi kali, Limuru ya Julai au kambi za Mlima Kenya, laita iliyojaa inaweza kuonekana imekufa. Ibane kwenye kiganja au kwapani dakika chache. Gesi ikipata joto, mgandamizo unarudi.

Kuikagua na kuiaga

Pima mara mbili kwa mwaka. Mimi naona ni rahisi kukumbuka kabla ya mvua: Machi kabla ya masika, Oktoba kabla ya vuli, kwa sababu ndipo stima husumbua zaidi. Andika uzito kwenye karatasi ile ile. Ikiwa imeshuka hadi nusu ya gesi yake, ishushe kwenye meko na uweke mpya. Washa mara moja tu kwa kila ukaguzi, kuhakikisha jiwe linafanya kazi.

Inayovuja au iliyopasuka ipeleke nje, mahali penye upepo, mbali na vibanda vya wachoma mahindi na jiko lolote, uifunge kibonyezo kwa raba kikiwa chini mpaka iache kulia, uiache hapo ukiichunga. Baada ya hapo ndipo iingie kwenye taka. Mitaa mingi huchoma taka jioni, na laita yenye gesi ikitupwa kwenye moto huo hulipuka usoni mwa anayechochea, kwa hiyo mwambie pia anayekusanya taka zako kwamba umeimaliza gesi.